Meya Aliyeomba Kushindwa

Ninayoyasimulia ni mambo ya nchi ya Gurizi, nami nayasimulia kama yalivyo. Asiyeamini na aende akaone mwenyewe. Mpakani kule hawaulizi pasi, wanauliza tu kama umeshakunywa kahawa.

Katika nchi hiyo hakuna mtu aliyewahi kushindwa uchaguzi. Si kwamba hawapigi kura. Wanapiga, tena kwa nidhamu, wamevaa nguo za sikukuu, na masanduku yanafunguliwa mbele ya watu. Lakini matokeo yakishasomwa, kila mgombea hupanda dirishani kwake akatangaza kwamba ameshinda. Wafuasi wake hupiga fataki, na kesho yake wote wawili huapishwa, kila mmoja na mkufu wake wa umeya shingoni. Kwetu tunasema asiyekubali kushindwa si mshindani. Msemo huo ukiutamka Gurizi mbele za watu, utaombwa ufute kauli.

Chanzo cha yote ni kahawa. Mgombea wa Gurizi hupita nyumba kwa nyumba na birika lake, akabisha hodi, akamimina kwa mkono wake mwenyewe, kisha akaomba kura. Kukikataa kikombe chake ni kumtukana mgeni, na Mgurizi hamtukani mgeni hata kama mgeni huyo jana kamwibia mbuzi. Na aliyekunywa ameahidi. Anayethibitika kuivunja ahadi ya kahawa hugeuziwa kikombe. Yaani kila nyumba na kila mgahawa atakaoingia, kikombe chake kitawekwa kifudifudi mezani mpaka siku anakufa, na wajukuu zake watapata tabu kuoa. Sasa fikiri mwenyewe. Wagombea wawili wanazunguka mji ule ule, wanawanywesha watu wale wale, na wote wawili wanapewa ahadi na mji mzima. Sanduku likisema vinginevyo, mwongo ni nani? Watu elfu arobaini na moja wenye heshima zao, au sanduku la mbao?

Basi huko ndiko alikoishi Zeneli Kodra, kiongozi wa upinzani katika jiji la Bardhora.

Zamani Zeneli alikuwa meya kweli, na meya mzuri. Alizibua mitaro iliyoziba tangu enzi za babu yake. Yale makuba ya zege ya kujifichia yaliyojaa kila kona, aliyoyajenga mtawala mmoja wa kale kwa kuogopa maadui ambao hawakuja hata siku moja, yeye ndiye aliyewaruhusu watu wafugie kuku. Kisha ukaja uchaguzi wa miaka kumi na moja iliyopita. Jioni ile karani wa Tume ya Uchaguzi alimpa karatasi, naye akaisoma mara mbili: alikuwa amepungukiwa kura mia tatu na kumi na mbili. Aliikunja akaitia mfukoni, akapanda dirishani, akatangaza ushindi. Mbona wenzake wote walifanya hivyo hivyo?

Tangu siku ile Bardhora ina mameya wawili, na uchaguzi mwingine haujaitishwa, kwani ule bado haujaisha. Tasimu Luma, aliyetangulia kwenye kura, anakaa ukumbi wa jiji. Zeneli anakaa ghorofa ya pili juu ya duka la mikate, mlangoni kibao kimeandikwa OFISI YA MEYA MSHINDI. Jumatatu barabara hufagiwa mara mbili, kwa sababu kila meya hutuma wafagiaji wake kuonyesha nani mchapakazi. Jumanne hazifagiwi kabisa, kwa sababu kila mmoja anamwachia mwenzake aibu. Daraja la mto limezinduliwa mara saba. Wanaofunga ndoa hupewa vyeti viwili, na wanaoachana nao hivyo hivyo, ingawa yuko bwana mmoja aliyeachana upande wa Zeneli na bado ni mume wa mtu upande wa Tasimu.

Kila Alhamisi ni siku ya mapambano. Saa nne asubuhi wapinzani huingia baraza la jiji wakarundika viti katikati ya ukumbi. Saa tano huwasha moshi mwekundu. Saa sita kasoro askari wa baraza, ambaye ana pumu, huomba radhi akafungua madirisha. Saa sita wote hushuka pamoja kunywa kahawa, waliorusha viti na waliorushiwa, wakaulizana habari za watoto. Zeneli alikuwa amefanya hivyo kwa miaka kumi na moja, na mgongo ulikuwa umeanza kumwambia ukweli.

Aliyebaki kumwambia ukweli mwingine alikuwa mkewe. Bi Dafina aliondoka Bardhora miaka saba iliyopita, akarudi kijijini Drenza kutunza mizeituni ya marehemu baba yake. Zeneli hakuweza kumfuata. Sheria ya Gurizi ni kali hapo: mshindi ambaye hajakabidhiwa ofisi yake haruhusiwi kulala nje ya mipaka ya jiji hata usiku mmoja, kwani akilala nje amewatupa wananchi na ushindi wao, na huo ni uhaini. Kwa hiyo wakawa mume na mke wa barua. Mwaka huu, mwanzoni mwa vuli, ilikuja barua fupi kuliko zote.

"Baba Arta," aliandika, "Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja tunaanza kuvuna. Njoo ukiwa meya, au njoo ukiwa si meya, lakini mtu mwenye vyote viwili simtaki tena. Usipokuja, nabadilisha kitasa."

Zeneli alimjua mkewe. Dafina hakuwa mtu wa kutishia. Aliyoyasema aliyatenda, na kitasa pengine alikuwa ameshakinunua. Alikaa na ile barua siku mbili, chakula hakishuki. Alimtamani mkewe, ndivyo ilivyokuwa, alitamani hata yale makaripio yake ya asubuhi. Siku ya tatu alipiga moyo konde, akamwita Lutfi, katibu wa chama chake.

"Lutfi, nataka kutangaza kwamba nilishindwa."

Lutfi alimgusa paji la uso. "Mheshimiwa, umekula nini?"

"Sijala kitu. Nilishindwa kwa kura mia tatu na kumi na mbili. Nilijua jioni ile ile."

"Lo! Hayo maneno usiyarudie, kuta zina masikio," alisema Lutfi, akaenda kufunga dirisha. "Mheshimiwa, hebu tuzungumze kama watu wazima. Chama hiki kina Idara ya Ushindi, kina Kamati ya Sherehe za Ushindi, kina kwaya. Kuna vijana hapa wamekua, wamesoma, wamejiunga nasi, hawajui kitu kingine ila kwamba tumeshinda. Leo niwaambie nini? Kwamba tulikuwa tunarundika viti bure?"

"Waambie hivyo."

"Ukishindwa wewe, chama kitakufukuza."

"Mnifukuze basi, Lutfi, ili nikalale kwangu."

Lutfi alitikisa kichwa kwa huzuni. Kumfukuza mshindi, alieleza, katiba ya chama hairuhusu. Kwanza ashindwe.

Zeneli akaona heri aende kwa adui yake, huenda huko akasikilizwa. Tasimu Luma alimpokea kwa mikono miwili, akamkalisha, akamimina kahawa. Aliposikia shida ya mgeni wake, birika lilibaki hewani.

"Zeneli, ndugu yangu, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Nakuachia jiji. Uwe meya peke yako."

"Peke yangu!" Tasimu aliketi, na jasho likamtoka kweli kweli. "Na mitaro ikiziba nimlaumu nani? Miaka kumi na moja mtu akija kulalamika namwambia, nenda juu ya duka la mikate, huyo ndiye anayenikwamisha. Wewe unawaambia, nendeni ukumbi wa jiji. Watu wanazunguka, wanapata mazoezi, mji una amani. Leo unataka kuniacha na maji machafu haya mimi na Mungu wangu? Huo si utu, Zeneli."

"Mke wangu anabadilisha kitasa, Tasimu."

Tasimu aliweka birika mezani, kwani naye alikuwa na mke. "Mwambie aje mjini," alisema hatimaye. "Nitampa cheti cha ukazi. Wewe mpe kingine."

Zeneli aliinuka bila kumaliza kahawa, jambo ambalo Gurizi ni zito, akaenda moja kwa moja Tume ya Uchaguzi. Tume ile ofisi yake imo ndani ya kuba la zege, na mwenyekiti wake, Bi Nevreze, ni mama mkavu mwenye miwani miwili, mmoja wa kusomea malalamiko na mwingine wa kuyakatalia. Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha alivuta makabati yote, moja baada ya jingine.

"Fomu ya kupinga matokeo ninayo," alisema. "Fomu ya kuomba kura zihesabiwe upya ninayo. Ya kuapishwa mara ya pili, ya tatu, ninazo. Fomu ya kushindwa sina. Haijawahi kuombwa."

"Niandikie hata kwenye karatasi tupu."

"Karatasi tupu inahitaji sheria, bwana."

Ikabidi baraza likae, likakaa siku tatu. Daktari wa jiji alitoa maoni kwamba kushindwa ni ugonjwa, na ukiachwa utaenea. Mwanasheria mmoja alisema la, ni kosa la jinai, tena mshitakiwa anakiri mwenyewe. Mzee mmoja wa chama tawala alilia kwa sauti, akasema yeye ameshinda chaguzi tisa na hakuna hata mmoja uliompa ofisi, lakini hakuwahi kuwaaibisha watoto wake namna hii. Alhamisi ilipoingilia kati walisimama kurundika viti, kisha wakaendelea. Mwishowe walipitisha azimio: mtu yeyote anaweza kushindwa Gurizi, mradi athibitishe. Na kwa kuwa sanduku ni mbao tu, na mbao haina kiapo, sharti alete mpigakura mmoja aliye hai atakayesimama hadharani na kuapa kwamba hakumpigia. Mmoja tu. Asipopatikana hadi Jumamosi ya juma linalofuata, mwombaji atahesabiwa kuwa mshindi wa kudumu, na hatatoka mjini mpaka kwa jeneza.

"Mmoja tu!" Zeneli alisema moyoni. Watu ishirini elfu na kitu walimnyima kura, ashindwe kumpata mmoja?

Alianza na mwoka mikate wa chini ya ofisi yake, mtu ambaye miaka yote duka lake lilikuwa na picha ya Tasimu kubwa kama mlango.

"Mimi?" Mwoka mikate aliweka unga chini. "Mimi nilikupigia, Mheshimiwa. Nilikunywa kahawa yako hapa hapa, ulitia sukari vijiko viwili."

"Na hiyo picha?"

"Ya kuzuia upepo."

Alikwenda kwa mama mzazi wa Tasimu, bibi wa miaka tisini. Bibi aliapa kwa kaburi la mumewe kwamba kura yake alimpa Zeneli, na akamwomba asimwambie mwanawe. Alikwenda kwa polisi, kwa wauguzi, kwa watu waliokuwa wakimzomea kila siku barabarani, na wote walisimama kwa adabu, wakashika vifua, wakaapa. Siku ya Ijumaa alikutana na Tasimu mwenyewe darajani. Tasimu alitazama kulia na kushoto.

"Nikuambie siri," alinong'ona. "Hata mimi nilikupigia. Ulininywesha kahawa siku ile ya mdahalo, unakumbuka? Ningefanya nini?"

Zeneli aliegemea ukingo wa daraja akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha yakaendelea kutoka baada ya kicheko kwisha. Alimwandikia mkewe barua, akamweleza yote, akamalizia: "Nimejaribu, Mama Arta. Wananipenda wote, hakuna wa kuniokoa."

Jumamosi ukumbi wa jiji ulifurika. Kwaya ya chama ilikuwa imeshajipanga, kwa sababu kila mtu alijua mambo yataishaje. Bi Nevreze alipanda jukwaani, akavaa ile miwani ya kukatalia.

"Naita mara ya kwanza. Yuko mtu ambaye hakumpigia kura bwana Zeneli Kodra?"

Watu walitazama dari.

"Naita mara ya pili."

Mtu mmoja alikohoa, wenzake wote wakageuka kumkazia macho, naye akaapa pale pale kwamba ni vumbi. Zeneli alikaa kiti cha mbele, mikono kwenye magoti, akiona kabisa mlango wa nyumba ya Drenza na kitasa chake kipya kinang'aa.

"Naita mara ya tatu."

"Mimi," ilisema sauti kutoka nyuma.

Ilikuwa ni Dafina. Alikuwa na viatu vya shambani na kitambaa kichwani, na mkononi ameshika kikapu, kwa sababu hakuwa mtu wa kuja mjini akarudi mikono mitupu. Barua ilimfikia asubuhi, akapanda gari la kwanza. Alipita katikati ya ukumbi, watu wakimpisha. Lutfi, rangi imemwisha, alimwambia jirani yake, "Kikulacho ki nguoni mwako."

"Jina lako?" Bi Nevreze aliuliza, ingawa walisoma pamoja.

"Dafina Kodra. Mke wa huyu."

"Mama, unajua unachotaka kusema? Unajua adhabu ya kuvunja ahadi ya kahawa?"

"Naijua. Ila sikuvunja ahadi yoyote. Sikuinywa kahawa yake."

Minong'ono ikavuma. Kukataa kahawa ya mgombea! Tena ya mume!

"Ulikataa kikombe?" Bi Nevreze aliuliza kwa sauti ya chini.

"Sikukataa. Hakunipa." Dafina aliweka kikapu chini. "Alizunguka mji mzima. Aliwapa nyinyi wote hapa, aliwapa wafungwa, aliwapa wagonjwa vitandani, alimpa na huyu Tasimu. Vikombe elfu arobaini na moja. Navijua, maana ni mimi niliyeviosha, mikono ikapasuka kwa magadi. Hata kimoja hakikuwa changu. Hakunibishia hodi, hakuniomba. Alijua tu kwamba nipo."

Zeneli alirudisha mawazo nyuma akatafuta, nyumba kwa nyumba, mtaa kwa mtaa. Mitaa yote aliikumbuka. Jikoni kwake alijiona akiingia na trei za vikombe vichafu, akitoka na trei za vikombe safi.

"Na kura yako ulimpa nani?"

"Nilimpa Tasimu."

Tasimu alisimama akainama kwa heshima.

"Kaa chini wewe, hata si kwamba nakupenda," alisema Dafina. "Alikuja siku moja mume wangu akiwa mikutanoni. Akabisha hodi, akanimiminia kikombe, akaniuliza mgongo unaendeleaje. Nikanywa nikaahidi, na nilichoahidi nikakitimiza. Sasa niandikieni, niwahi gari."

Bi Nevreze aliivua ile miwani ya kukatalia. Katika historia ya Gurizi huyu alikuwa mpigakura wa kwanza kuonekana aliyemwahidi mtu mmoja na kumpigia huyo huyo, na Tume haikuwa na swali la ziada. Aligonga muhuri. Mwombaji Zeneli Kodra, alisoma, ameshindwa kihalali, na anaweza kwenda atakako.

Ukumbi haukujua la kufanya. Kwaya ilianza wimbo wa ushindi, ikaacha njiani. Kisha mwoka mikate alitoka kwenye kiti chake, akaja akampa Zeneli mkono na kusema, "Pole sana," na hapo wote wakapata pa kushika. Walipanga foleni kama msibani, wakapita mmoja mmoja: pole, bwana, pole, mama, Mungu atawapa nguvu. Tasimu alikuwa wa mwisho, na yeye pole yake ilikuwa ya mtu anayejionea huruma mwenyewe. Zeneli alipokea pole zote amesimama. Miaka kumi na moja ilikuwa imepita tangu asome karatasi ya karani, na wiki tatu alikuwa amehangaika kuomba aitwe mshindwa. Sasa ndipo kushindwa kulipomuuma. Zile kura mia tatu na kumi na mbili hazikuwahi kumuuma hivi.

Walitoka nje pamoja. Jua la saa saba lilikuwa limepiga ngazi za ukumbi, na Zeneli alichukua kikapu mkononi mwa mkewe bila kuambiwa. Walitembea mpaka kituoni.

"Kwa nini hukuniambia, Mama Arta? Miaka yote hii."

"Ningekuambia saa ngapi? Ulikuwa dirishani unatangaza ushindi."

Gari la Drenza lilikuwa limeshawashwa. Walipanda wakakaa, kikapu katikati yao. Zeneli aliutazama mji wake, ambao sasa ulikuwa na meya mmoja, kisha akageuka.

"Na ningekuomba?" aliuliza. "Ningekubishia hodi kama wale wengine, nikakuomba. Ungenipa?"

Dafina alifikiri, kwani swali lilikuwa la haki na lilistahili jibu la kweli.

"Sijui," alisema. "Ungeniomba ndipo ningejua."